Mkono Niliouinua Ahero

Kondele, Kisumu
Jumatano asubuhi

Baba yangu,

Gari halikuzima. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikitanguliza salamu nitajaza ukurasa mzima nikiuliza habari za mbuzi na sitalisema tena. Gari halikuzima, Baba. Nilisimama. Nilikanyaga breki kwa kutaka, nikainua mkono kwa kutaka, na hakuna mtu ninayemjua aliyewahi kulisikia hilo kutoka kinywani mwangu. Hata sasa halijatoka kinywani, limetoka kwenye kalamu.

Haya, sasa shikamoo. Kiuno kinaendeleaje? Mama bado anakukanda kwa mafuta ya nazi, au mmerudi kwenye ule ugomvi wa hospitali? Na tuktuk je, bado inakohoa ikikata kona ya sokoni? Mimi mwili wangu ni mzima, na mashavu yamejaa kwa wali wa shangazi. Ukiniuliza habari za roho, soma mpaka mwisho.

Tafadhali usinipigie simu ukishasoma. Simu ninayotumia ni ya shangazi, naye huiweka spika huku akipeta mchele, soko zima likasikia. Tena wanijua nilivyo. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba Kadzo ameziweza lugha mbili. Hawakuandika kwamba zote mbili hunikwama zikifika kooni.

Nimezichukia barabara za huku. Nimezichukia kwa namna ambayo Mama angesema nikaungame. Siku ya kwanza niliposhuka kwenye basi nilisimama pale Kondele chini ya daraja, begi mkononi, nikingoja kuvuka. Nilingoja kama tunavyongoja Malindi: unamtazama dereva usoni, naye anakutazama, anapunguza, unavuka, mnapungiana mikono. Nikamtazama wa kwanza usoni. Akaongeza mwendo. Nikamtazama wa pili, naye vilevile. Nilikaa pale mpaka begi likanichoma bega. Ndipo mama mmoja mwenye karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani akanishika kifundo cha mkono, akaniambia twende, usiwaangalie. Akanieleza huku tunakata katikati ya magari: ukimwangalia dereva, anajua umemwona, kwa hiyo anajua utakimbia mwenyewe. Usipomwangalia, ndipo anaogopa kukuua.

Hebu fikiria, Baba. Mahali ambapo kumtazama mtu usoni ndiko kunakokuponza.

Mzee Ogola, mume wa shangazi, anasema mimi nina maringo ya Pwani. Yeye ndiye anayenifundisha kwa pikapu yake siku zile ambazo sina darasa la udereva, nikienda naye Ahero kuchukua mchele wa shangazi kwenye kinu. Karatasi ya L ya mwanafunzi aliibandua siku ya pili, eti inaita matusi. Somo lake ni moja tu: "Barabara ya hapa haiombwi. Inachukuliwa." Akisema hivyo hupiga dashibodi kwa kiganja, kama mhubiri. Hapunguzi kwenye matuta, hupunguza kwa polisi. Taa za nyuma za pikapu zilikuwa hazijawaka tangu nije, na nilipomwambia alinijibu kwamba anayetaka kujua anakwenda wapi anaweza kumuuliza.

Jumamosi moja tulikutana na msafara wa maiti. Huku mazishi hutoka mochari kwa vishindo, magari yamefungwa matawi, bodaboda wametangulia wakipiga honi na kusimama juu ya viti. Mimi nikaweka gari pembeni, nikazima redio, nikainamisha kichwa kama ulivyonizoesha. Walio nyuma yangu wakanitukana kwa lugha tatu. Mzee Ogola akaniuliza kwa nini namlilia mtu nisiyemjua jina, kisha akanihamisha kiti, akashika usukani mwenyewe, akaingia katikati ya msafara na kuufuata mpaka karibu na kinu, kwa kuwa barabara ilikuwa wazi. Njia nzima alikuwa akiimba wimbo wao wa maombolezo, na sauti yake ni nzuri, hapo siwezi kumsingizia.

Lakini kuliko wote nilimchukia Odhis. Huyo ni kijana wa bodaboda, jina lake kamili Odhiambo. Ana stendi yake mbele ya duka la shangazi na ndiye anayepelekea wateja mchele. Hupita kushoto, hupita kulia, hupita juu ya vibao vya wenye mboga. Akinikuta kwenye usukani hugonga boneti kwa ngumi, halafu anawaambia wenzake kwa sauti, "Huyu mtoto wa Mombasa anaendesha kama amebeba mayai." Nimemwambia mara mbili natoka Malindi. Alinijibu, "Si yote ni beach?" Wakacheka wote. Mimi kama kawaida yangu nikaangalia viatu, na jawabu zuri likanijia usiku, limechelewa. Nilimwombea mabaya, Baba. Si kifo, ila nilimwombea aanguke siku moja mbele ya watu.

Akaanguka.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, kama saa mbili asubuhi. Tulikuwa tunarudi kutoka Ahero na magunia tisa. Mimi niko kwenye usukani, Mzee Ogola yuko kando yangu, ameinama anapapasa sakafuni kutafuta miwani iliyomdondoka. Pale nje kidogo ya mji wa Ahero watu huanika mpunga juu ya maturubai kando ya lami, na magari hupinda kidogo kuyakwepa. Kando ya turubai la mwisho alisimama mzee mmoja mwenye koti zito, ameshika baisikeli iliyofungwa gunia la pumba. Nilimwona tangu mbali, na tangu mbali alikuwa anangoja. Malori yalimpita, nguo zikampepea. Hakuwa hata akiyatazama. Alitazama chini, kama mtu aliyekwishazoea kutohesabiwa.

Nikamwona bibi yangu, mama yako, akivuka pale sokoni na wewe ukizuia barabara nzima kwa tuktuk moja. Nikapunguza, nikasimama kabisa. Nikainua mkono mbele ya kioo na kuupitisha taratibu, ule mkono wako wa "pita baba, pita, hakuna haraka." Yule mzee hakuamini. Alitazama nyuma yake aone kama naita mtu mwingine. Nikaurudia mkono. Basi akatabasamu, akagusa kofia, akaanza kuisukuma baisikeli yake mbele ya gari letu, na kupitia dirisha lililo wazi nikamsikia akinishukuru kwa Kijaluo, akiniita nyathina, yaani mwanangu.

Nilijisikia vizuri sana, Baba. Nataka ujue na hilo. Kwa mara ya kwanza tangu nije Kisumu nilijiona mtu. Nikainamia gia, natabasamu peke yangu.

Odhis alikuwa nyuma yetu, anatoka kumpeleka abiria. Akaona pikapu imesimama katikati ya lami bila taa wala sababu. Akafanya wanachofanya wote huku, akapita kwa kulia bila kupunguza. Yule mzee ndiyo kwanza anatokeza kwenye pua ya gari letu.

Sitakuandikia ule mlio.

Mzee Ogola aliinua kichwa na kuuliza, "Nini?" Nikamwambia, gari limezima. Injini ilikuwa inanguruma chini ya miguu yetu wakati nasema hivyo. Hakuisikia. Alitazama mbele, akaona baisikeli, akaona pikipiki, akatazama huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sisi hatujagusa mtu. Enda, kabla hawajajaa." Alikuwa na hofu ya kweli, simlaumu kwa hiyo. Huku bodaboda mmoja akianguka wote wameanguka, na mwenye gari hapewi muda wa kueleza. Walikuwa wameanza kutokea tayari, pikipiki mojamoja kutoka upande wa mji.

Nami nikaenda. Wewe uliyenifundisha kwamba ukimsimamia mtu umeshakuwa jamaa yake mpaka afike ng'ambo, mwanao alizunguka baisikeli iliyolala na akaenda.

Hapo ndipo nilipotazama kioo, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Pumba zilikuwa zimemwagika lami nzima. Yule mzee alikuwa amekaa katikati yake, mguu mmoja umeelekea upande usiostahili. Na Odhis alikuwa anatambaa kwa magoti, mkono wake mmoja unaning'inia. Hakuwa anatambaa kuelekea pikipiki yake, iliyokuwa bado inazungusha gurudumu. Alikuwa anamwendea mzee. Alimfikia, akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani kwake kwa ule mkono mzima, na hivyo ndivyo nilivyowaacha. Baadaye nilisikia kwamba hakuondoka hapo mpaka watoto wa mzee walipofika, ingawa alijua watampiga. Walimpiga kidogo, kabla ya kuona bega lake.

Kwa hiyo yule niliyemwombea aanguke ndiye aliyefanya ulichonifundisha mimi.

Mzee yule amelazwa, paja limevunjika. Odhis yuko kwao, bega limerudishwa mahali pake, pikipiki imefungiwa kwa chifu wa Ahero. Alitaja gari letu tangu siku ya kwanza. Ijumaa wana wawili wa mzee wakaja hapa dukani. Walikuja kwa adabu, wakasalimia, wakakaa kwenye magunia. Mzee Ogola akawaeleza kwamba gari lilizima, huyu msichana bado anajifunza, na mwendesha pikipiki mwenye akili hupunguza akikuta gari limezima. Wakauliza mbona baba yao anasema aliitwa na mkono. Mzee Ogola akasikitika, akasema maskini, kichwa kimegonga lami.

Wale jamaa walikubali haraka, Baba. Walikubali kwa sababu ya jambo ambalo ningelicheka kama lingekuwa la mtu mwingine: hakuna anayeweza kuamini kwamba kuna gari lililosimama kwa kutaka. Hata wenzake Odhis pale stendi hawaamini. Niliwasikia kwa masikio yangu, mmoja anamwambia mwenziwe, "Omera, ni dereva gani wa Kisumu anasimamia mtu ya baisikeli?" Wakapigana makofi. Ukweli wangu hauna shahidi kwa kuwa ni wa ajabu mno, na uongo wangu unapita wenyewe, kama kila kitu kinavyopita huku, bila kuuliza.

Ijumaa hiyohiyo jioni Mzee Ogola alinunua balbu mbili, akalala chini ya pikapu, akatengeneza taa za nyuma. Alikuwa akipiga mbinja. Nilimshikia bisibisi. Alipotoka chini ya gari hakunitazama.

Jumamosi akanipa karatasi niandike maelezo ya kupelekwa kwa chifu. Akataka niandike kwa Kiingereza, kwa kuwa nimesoma, na karatasi ya Kiingereza haibishiwi. Nikaandika. Sikufuta hata neno moja. Nyakati zote zimekaa sawa, nukta ziko mahali pake, na mwisho nimetia sahihi. Mwalimu wangu angenipa alama zote. Uongo nimeuandika kwa Kiingereza kizuri, na huu ukweli ninaokuandikia nimeukosea mara nne na kuanza upya. Angalia jinsi karatasi ilivyochafuka.

Halafu Jumatatu akaja mama yake Odhis. Anakaanga samaki kwenye ufukwe wa Dunga, mwanamke mwembamba mwenye alama za mafuta mikononi. Nilidhani amekuja kutukana na nikajificha nyuma ya mizani. Alileta samaki watatu kwenye gazeti, akawaweka mbele ya shangazi, akaomba kuzungumza na mimi. Shangazi akaendelea kupeta, lakini mkono ulipungua.

"Nyathina, sijakuja kugombana," aliniambia. "Mimi namjua mtoto yangu. Ni mtu ya fujo kwa barabara, nimemwambia mpaka nimechoka, nikamwachia Mungu. Lakini uongo hana. Anasema gari yenu ilisimama. Wewe ndiye ulishika hiyo gari. Uliona nini?"

Nilitazama samaki. Mmoja macho yake yalikuwa yamefunguka yananitazama, nami nikakumbuka yule mama wa omena: usiwaangalie.

"Gari lilizima, mama."

"Ilizima."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa wala kukubali. Akasema, "Haya. Basi Mungu ako." Akafunga leso yake upya kiunoni, akaondoka. Nikamwambia amesahau samaki wake. Akasema hajasahau, ni wa shangazi, wamekuwa wakinunuliana miaka yote na hilo halihusiki na hili.

Jioni tuliwala. Nilikula mmoja mzima, Baba, mpaka mkia. Shangazi alinitazama muda wote niliokuwa nikila. Nadhani anajua kuna kitu, lakini yeye ni dada yako, anangoja mtu afike mwenyewe.

Sasa nataka kukwambia neno ambalo sijawahi kukwambia, na usinikasirikie, au nikasirikie lakini kwa haki. Nakulaumu. Nimekaa siku sita nikimlaumu Mzee Ogola na Odhis na mji mzima huu, nikijilaumu na mimi, na kila nikimaliza narudi kwako. Kioo cha kulia cha tuktuk yako kilivunjika nikiwa darasa la sita. Hukukibadilisha mpaka leo. Nilijifunza kuendesha kwenye gari lisilo na kioo, kwa sababu kwetu kilicho nyuma yako kinangoja. Ukisimama wewe, husimama wa nyuma yako, na wa nyuma yake, wala hakuna anayeuliza, wanajua tu kwamba kuna bibi anavuka. Hukuwahi kuniambia kwamba adabu ile haikuwa yako peke yako. Ilikuwa ya foleni nzima. Nami nikaibeba peke yangu mpaka huku kama mzigo wa nazi, nikamfungulia mzee wa watu katikati ya lami, nikamwita kwa upole aje avunjwe mguu. Kama angepitwa na Mzee Ogola kama alivyopitwa na wengine, angengoja dakika kumi, akavuka mwenyewe bila kumtazama mtu, akafikisha pumba zake nyumbani.

Ndiyo hivyo. Nimekuandikia na sifuti.

Odhis naye ana lake, hakupaswa kupita gari lililosimama namna ile, na Mzee Ogola ana lake la taa. Lakini haya yakiwekwa mezani bila mkono wangu, yote yanamwangukia mtu mmoja. Leo saa nne chifu anakaa na pande zote mbili. Karatasi yangu ndiyo itakayosomwa. Ikisomwa na kukubaliwa, wana wa mzee watampeleka Odhis polisi leo leo, na karatasi hiyo itamtangulia. Wameshasema hivyo. Na yule mzee atabaki hospitalini akiambiwa kila siku kwamba aliota, hakuna mkono uliomwita, kichwa chake hakiko sawa. Mtu aliyenishukuru.

Mzee Ogola hatahudhuria, anasema karatasi inatosha. Lakini tunakwenda kinuni kama kawaida, na ameamua niendeshe mimi. Anataka watu wa Ahero watuone tunapita, wajue hatuna la kuficha. Ofisi ya chifu iko pale pale kando ya barabara, baada ya matuta ya pili. Jana aliniagiza: nikifika hapo nisipunguze, nisitazame pembeni, nipite kama watu wengine.

Najua nitakachovuruga. Labda atanirudisha Malindi kwa basi la jioni. Labda ataiuza pikapu, na shangazi atabeba magunia kwa kukodi. Labda bodaboda wa Ahero hawatangoja nimalize sentensi, wewe hujawaona. Na kuongea mbele ya watu, mimi, Kadzo, niliyewahi kujifanya mgonjwa ili nisisome ubao wa matangazo! Sijui nitaanza kwa lugha gani. Nadhani nitainua tu mkono, kama nilivyouinua siku ile, wale wana wa mzee wauone, halafu maneno yatafuata au yasifuate.

Kioo nimekifuta asubuhi hii, cha kulia na cha kushoto. Taa za nyuma zinawaka sasa, nilimwomba mtoto wa jirani asimame nyuma atazame. Nikifika matuta ya pili nitaangalia nyuma kwanza. Kisha nitasimama. Na safari hii, Baba, nitashuka.

Nisalimie Mama, na umsomee barua hii wewe mwenyewe, usimpe Kazungu, kaka yangu huyo atairuka mistari na kumsomea mazuri tu. Kazungu mwambie akiosha tuktuk asisahau chini ya kiti, na mwambie anunue kioo. Nisalimie bibi yangu, mama yako, mwambie nimeona mtu mwenye koti kama la marehemu babu. Nisalimie jirani yetu wa mahamri, aliyenifungia ya njiani siku nilipoondoka, mwambie yalifika Nairobi bado laini. Na wale madereva wenzako wa stendi ya sokoni, wote, wazee na vijana, wape mikono kwa niaba yangu. Waambie hawajui walichonacho.

Kama barua hii imekufikia, ujue nilirudi salama na kuipeleka stendi ya mabasi.

Mwanao, ambaye leo hana cha kujisifia,
Kadzo

Mzee Ogola amefunga boneti. Nasikia viatu vyake vya mpira kwenye kokoto, anakuja mlangoni kwangu, anaita tuondoke. Naichomeka hii ndani ya kitabu cha alama za barabarani, nyumba hii hakuna anayekifungua.